Sitalia Maneno ya Kuazimwa

Changsha, mwezi wa kumi na moja

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka huku, ambako baridi imeanza kung'ata na mvua haijui kupumzika. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia mmebadilishiwa viti kiwandani, nikafurahi, halafu Baba akanong'ona kwenye simu kwamba kilichobadilishwa ni mto wa kukalia tu. Na yeye mwenyewe kikohozi kimepungua, au bado anajidai ni vumbi la ngozi za viatu? Mimi ni mzima. Mkweo mtarajiwa Wenbin naye ni mzima kupita kiasi, anakula kama mtu aliyeajiriwa kula. Bibi nilikwenda kumwona mwanzoni mwa mwezi. Sikio lake la kushoto limekufa kabisa, lakini la kulia linasikia hata yale ambayo hatutaki ayasikie.

Najua ukiipata bahasha hii utamwita Baba na kumwuliza nani amefariki. Hakuna aliyefariki. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezi. Nikianza kusema neno lenye uzito, unalia. Ukilia, mimi nakaa kimya. Nikikaa kimya, unaniuliza kama nimekula. Nasema nimekula, tunaagana, na neno langu linabaki kooni. Sasa safari hii nitasema mpaka mwisho, na wewe huwezi kuniuliza habari ya chakula. Isome mwenyewe, usimpe mwenzako wa bwenini akusomee. Ukichoka, weka chini, pumzika, urudi.

Jambo lenyewe ni kilio cha harusi yangu. Shangazi Yulian amenifikishia agizo lako: niketi kwenye benchi siku tatu kabla ya kuondoka, mbele ya kijiji kizima, wewe ukiwa pembeni yangu, nikulilie kama mabibi harusi wa kwetu walivyowalilia mama zao. Nakujibu mapema ili usije ukasema nilikuaibisha ghafla. Maneno yale sitayalia.

Usikasirike bado. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Nilifika kwa Bibi jioni, asubuhi yake Shangazi akaingia na mchele mikononi, maana alikuwa akiuosha alipokumbuka kwamba ana kazi na mimi. Akajifuta, akakaa, akanishika mkono, na kabla sijajua kinachoendelea machozi yakaanza kumtiririka. Mama, yule wifi yako ana kipaji. Sauti ikapanda, ikashuka, ikakatika mahali panapotakiwa kukatika. “Mama yangu ee, ulinibeba mgongoni kwenda shambani, ukanibeba kurudi. Homa iliponishika hukufumba jicho. Kiazi ulinimenyea mimi, maganda ukala wewe. Leo nakuacha na nani, mama yangu ee.” Alipofika hapo akanyamaza, akapenga kamasi, akanywa chai, akasema, “Haya, zamu yako. Na usikaze shingo hivyo, unaonekana kama askari.”

Nikamwuliza nani alinibeba mgongoni kwenda shambani.

Akasema hayo ndiyo maneno, yamekuwa hayo tangu wazee wa wazee. Yeye aliyalia, wewe uliyalia kwa mama yako, na binti wa mwenyekiti wa kijiji aliyalia mwaka jana ingawa mama yake alikuwa na duka na shamba halijui liko upande gani. “Nani anakuuliza ukweli?” akasema. “Unaolewa, hujapelekwa mahakamani.”

Nikamwuliza tena, homa iliponishika, nani hakufumba jicho?

Hapo ndipo Bibi, ambaye alikuwa kwenye kona anapukuchua mahindi na tulidhani hasikii, akasema, “Nilimbeba mimi.” Hakuinua hata kichwa. Shangazi akababaika, akasema, “Mama, hakuna anayebisha.” Bibi akajibu, “Tenga lipo pale ukutani,” akaendelea na mahindi yake.

Halafu Shangazi akanivuta nje, karibu na banda la nguruwe, akaniambia maneno ambayo nadhani hukumtuma ayaseme. Akasema kwa miaka yote hii wanawake wa kijijini wamekuwa wakisema wewe ulizaa ukatupa. Kwamba ukirudi mwaka mpya na koti lako la zambarau wanakusifia koti, ukigeuka wanahesabu siku zitakazopita kabla hujaondoka. Kwamba siku hizi kila harusi watu wanarekodi kwa simu, kilio kinafika mpaka wilayani, na bibi harusi akimlilia mama yake vizuri basi midomo yote inafungwa. “Mama yako anataka siku moja tu,” akasema. “Siku moja, Yaomei. Utakufa ukimpa?”

Nilisikia uchungu kwa ajili yako, sitakuficha. Nilitamani kwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wale wanawake wangekula nini kama wangekuwa wewe. Lakini hasira ilikuja nyuma yake, kubwa zaidi. Kumbe chozi langu unalihitaji kwa ajili yao. Kumbe mimi niketi mbele ya simu za watu, nikulilie kwa mgongo wa Bibi, kwa usingizi wa Bibi, kwa maganda aliyoyala Bibi, naye akiwa kwenye kona yake anasikia kwa sikio moja mambo yake yakikabidhiwa mtu mwingine. Hapana, Mama. Hilo hapana.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, huku Changsha pia kuna watu wanalisubiri chozi hilo hilo.

Unakumbuka kile chakula cha posa, mwezi wa tisa, nyumbani kwa kina Luo. Ulikuwa umepaka midomo rangi, ukawa unaogopa kula samaki kwa sababu ya miiba. Mama yake Wenbin akasema binti yenu amejilea vizuri, sijui alikuwa anasifu au anachoma, na wewe ukafurahi, ukasimulia kile kisa chako. Kwamba mimi sikuwahi kukusumbua. Kwamba nilipokuwa na miaka mitano wewe na Baba mliondoka mchana nikiwa nimelala, wala sikulia hata kidogo, na nilipoamka nikaomba kiazi. Watu wakacheka. Baba akacheka. Mimi nikaongeza pilipili kwenye bakuli langu. Mtu mmoja tu hakucheka, Peiyun, dada yake Wenbin, yule aliyevaa miwani, anayefundisha saikolojia chuoni. Yeye aliweka vijiti vyake chini akanitazama.

Baadaye tulipokuwa jikoni, ananimenyea balungi, akaniambia kwa upole kabisa, kama daktari anayekutajia ugonjwa, kwamba watu tunapenda ukubwani vile tulivyoshikwa utotoni. Aliyeshikwa sawasawa anashika bila hofu. Aliyeshikwa akaachiwa, akashikwa akaachiwa, huyo akimpata mtu anamng'ang'ania mpaka anamkaba. Na aliyejifunza mapema kwamba hakuna anayekuja, huyo hamshiki mtu yeyote. Akasema vijiji vyetu vya milimani, kwa watoto wa miaka yetu ambao wazazi walikwenda viwandani kusini, vimejaa watu wa namna ya mwisho. “Si kosa lako,” akasema. “Ila nina wasiwasi na mdogo wangu. Wewe unaweza kumwacha siku yoyote, na hutageuka nyuma.”

Nikamwuliza, na huyo mdogo wako yuko fungu gani, ambaye mama yake alikuwa akimpulizia supu mpaka anaingia chuo kikuu? Akacheka, akasema huyo ndiye wa kukaba. Nikamwuliza, na wewe? Akawa ghafla ana shughuli nyingi na balungi.

Lakini lile neno halikuishia jikoni. Mama yake alilisikia, na tangu siku ile kila nikienda anaulizia harusi ya kwetu kwa namna yake. “Eti huko kwenu bibi harusi hulia siku tatu? Na wewe utalia?” Ananitazama machoni kama anayepima nyama sokoni. Nikilia, nina moyo. Nisipolia, mwanawe ameoa jiwe.

Sasa ngoja niwe mkweli, maana nikimtukana Peiyun tu nitakuwa nimekudanganya na wewe. Kuna kitu alichokiona ambacho kipo. Mwezi uliopita Wenbin alisafiri kikazi kwenda Wuhan, siku nne. Nikamsindikiza mpaka geti la stesheni, nikamwambia safari njema, nikageuka nikaenda kununua tambi. Yeye alibaki amesimama na begi lake, anangoja nigeuke nimpungie mkono, mpaka karibu aachwe na treni. Siku zote nne alinipigia simu kama mtu anayeuza bima. Aliporudi akanikalia kikao. Akasema simzuii akiondoka, simwulizi atarudi lini, nguo zake nampangia vizuri mno, kama vile nafurahi aende. Nikakubali. Kwa sababu hata kazini ni hivyo hivyo. Unajua mimi ndiye ninayetangaza mabasi yanayoondoka. Siku za baada ya mwaka mpya kituo kinafurika, watoto wananing'inia kwenye mikono ya mama zao, wenzangu kwenye kibanda wanalia mpaka wanashindwa kusoma ratiba, na mimi nasoma. Basi la Dongguan, mlango wa saba, abiria wapande. Sauti yangu haitetemeki. Meneja ananisifu kwa hilo.

Kwa hiyo Peiyun ameona kweli kwamba sigeuki nyuma. Alichokosea ni sababu. Na hasa hasa amekosea aliposema nilijifunza kwamba hakuna anayekuja.

Mbona alikuja mtu kila siku? Nani alinisubiri kwenye kona ya barabara kila Ijumaa nilipotoka bweni la shule, na tenga mgongoni, hata nilipokuwa mrefu kumzidi? Nani aliweka soksi zangu ndani ya koti lake usiku ili asubuhi ziwe na joto? Bibi hajawahi kuniambia ananipenda. Ungemwambia aseme angedhani umepata homa. Hajawahi kunikumbatia, mikono yake muda wote ilikuwa na kazi. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye lile tenga, nimetazama nyuma, mgongo wangu umeegemea mgongo wake, na kila alipopanda ngazi za shamba nilijua kwa pumzi yake tumefika wapi. Huko nako ni kushikwa, Mama. Labda vitabu vya Peiyun vinahesabu mama tu. Basi vitabu vyake viongeze mistari, kwa sababu mimi sikulelewa na upepo, na sitakubali mtu yeyote, awe wa chuoni au wa banda la nguruwe, amfute yule bibi kizee kwenye maisha yangu.

Na wewe uliniletea viatu. Hilo nalo nitalisema. Kila mwaka mpya, viatu vipya kutoka kiwandani kwenu, vya kung'aa, watoto wote wakanionea kijicho. Kila mwaka vidogo. Ulikuwa unanunua kwa mguu uliouacha mwaka uliotangulia. Siku zote ulizokuwepo nilivivaa, vidole vimekunjwa ndani, nikakimbia navyo mbele yako ili uone vimenifaa. Ukishaondoka Bibi anachukua mundu, anachana kisigino, navaa kama kandambili. Kidole changu kidogo cha kulia kimelala juu ya mwenzake mpaka leo. Nilitaka kuandika hapa kwamba silalamiki. Kwa nini niandike uongo? Nalalamika. Nina miaka ishirini na minane na ndiyo mara ya kwanza nalalamika, nivumilie.

Sasa nikuambie lile ambalo kwa kweli ndilo limenifanya ninunue bahasha.

Mchana ule sikuwa nimelala.

Ilikuwa siku ya sita ya mwaka mpya. Mwaka uliotangulia Shangazi alinipeleka dukani kununua pipi, tuliporudi hamkuwepo, na nikajifunza pipi maana yake nini. Kwa hiyo mwaka ule sikukubali kwenda popote. Baada ya chakula ukasema twende tukalale kidogo. Mama, mimi nilikuwa sijawahi kulazwa mchana tangu nizaliwe, kwetu nani analala mchana? Nikajua. Nikachukua kamba ya koti langu nikaifunga kwenye kifungo cha koti lako, mafundo mengi, yote niliyoyajua. Ukaniona, ukaniacha nifunge. Ukalala pembeni yangu ukaniimbia. Nikafumba macho.

Nilisikia unajaribu kufungua mafundo, ukashindwa. Nilisikia baridi ya mkasi ilipopita kwenye kidole changu. Hukuikata kamba yangu, ulikikata kifungo chako, kikabaki kinaning'inia kwangu. Baba akasema kutoka mlangoni gari litatuacha. Ukaenda. Ukarudi. Ukaninusa kichwani, na chozi lako likaanguka likaingia ndani ya sikio langu, likawa linaniwasha na siwezi kulifuta. Halafu ukamwambia Baba, polepole, na mimi nilisikia kila neno: “Akiamka, siendi.”

Nilikuwa macho, Mama. Ilikuwa kazi ya kufungua jicho tu. Jicho moja lingetosha.

Lakini asubuhi ile nilikuwa nimekuona ukiinua kifuniko cha pipa la mchele, ukatazama ndani, ukakirudisha haraka huku unatazama kama kuna mtu aliyekuona. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Na nilikuwa nimemsikia Baba akisema mwaka huu tuondoke au tule mbegu. Sikuelewa mambo mengi, ila nilielewa kwamba ukibaki hatutakula, na kwamba wewe huwezi kuondoka peke yako, lazima nikusaidie. Basi nikabana macho. Nikapumua kama wanavyopumua watu waliolala, nje, ndani, nje, mpaka mkapita uani, mbwa akabweka, akanyamaza.

Bibi akaingia. Akakaa kitandani. Hakuuliza kama nimelala. Akasubiri, kisha akasema, “Wamepita kwenye kona. Sasa unaweza.”

Nililia mpaka jua likatua. Alinitia ndani ya tenga akaenda nami kukata majani ya nguruwe nikiwa nalia, akarudi nami nalia, kijiji kizima kilisikia. Hakuna aliyekuambia, kwa sababu Bibi aliwakataza wote. Kile kisa cha kiazi alikitunga yeye, ili ukae kule kiwandani na moyo uliotulia.

Kwa hiyo usiniambie nakunyima kilio. Kilio chako nilishakitoa chote, kwa sauti ya juu, bila kufundishwa na Shangazi. Ila hukuwepo kukisikia.

Na kile kisa nisikisikie tena mezani kwa watu. Sikuwa mtoto asiyesumbua. Nilikuwa mtoto aliyekuruhusu uende. Hayo ni mambo mawili, na nimechoka kuyabeba kama jambo moja. Peiyun anasema sishiki watu. Nashika sana. Ila nilijifunza kushika kwa kufumba macho, ili mtu aende anakokwenda bila kunihurumia. Hivyo ndivyo ninavyompenda Wenbin anapokwenda Wuhan. Nimemweleza yote haya wiki iliyopita. Alilia yeye, bila shaka, kwao wanalia kwa zamu. Halafu akasema nisigeuke kama sitaki, yeye atageuka kwa niaba ya wote wawili. Nikaona, basi, huyu nimempata wa kuoana naye.

Sasa mpango wangu ni huu, na sibadilishi. Nitaketi kwenye benchi, kwa sababu mimi ni mtoto wa kule na siionei haya desturi yetu. Bibi ataketi pembeni yangu, upande wa sikio lake zima. Nitamlilia yeye kwanza: nitalilia tenga, soksi, kona ya barabara, mundu uliochana visigino. Nimeshaanza kutunga, na jana kibandani nilijikuta nayaimba chini chini, kidogo niyatangaze kwa kituo kizima. Kwetu bibi harusi hutukana mshenga, na mimi sina mshenga, tulikutana na Wenbin alipokosa basi na kuja kunilaumu kibandani. Shangazi ameshauri nimtukane Peiyun badala yake. Nimekubali. Balungi limo.

Kisha zamu yako. Ukitaka kuketi pale, kiti kipo, na mimi nitakulilia, lakini kwa maneno yangu. Nitasema, Mama ee, kifungo ulikikata. Mama ee, viatu vilinibana nikakimbia navyo. Mama ee, ulirudi kutoka mlangoni ukaninusa, nami nilikuwa macho. Shangazi atazimia. Wanawake wa kijijini watasikia kwamba uliondoka, ndiyo, na watasikia pia kwamba ulirudi kutoka mlangoni, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao anayelijua. Wakitaka kurekodi, warekodi. Ukiona ni aibu, kaa na Baba jikoni mkikata nyama ya moshi, sitakulaumu na sitakuita. Ila maneno ya kuazima hutayasikia kutoka kwangu.

Na desturi inasema mama naye humlilia binti. Usije na yale ya Shangazi. Njoo na ya kwako. Sijui umebeba nini kule miaka yote hii, hujawahi kuniambia, umeniuliza tu kama nimekula.

Siku ya tatu, mchana, gari la kina Luo litakuja. Safari hii anayeondoka ni mimi, na atakayebaki ndani ya nyumba ni wewe. Sitakuletea pipi. Sitakungojea ulale. Nitakuja mpaka ulipo, nisimame mbele yako, nikuage nikikutazama usoni. Wewe nawe nakuomba kitu kimoja tu, Mama, kimoja katika maisha yangu yote. Usifumbe macho.

Mwambie Baba nampenda, na kwamba sijamsahau: yeye ndiye aliyeacha taa ya mlangoni inawaka mchana kweupe siku ile, mpaka leo sijui alifikiri itanisaidia nini. Bibi anakusalimu. Anasema ukija ulete dawa ya magoti, ile ya kopo la kijani, ya bluu haifanyi kitu. Shangazi anakusalimu pia, ingawa akijua nilichoandika atazifuta salamu zake. Jikinge na baridi, na ukikaa kwenye kile kiti, kila baada ya dakika kadhaa simama.

Mimi binti yako,
Xiang Caiyun
(Yaomei wenu)

Nimesahau. Shangazi anasema unataka kuninunulia viatu vyekundu vya harusi huko huko kiwandani. Usinunue. Njoo kwanza, ukae chini, uushike mguu wangu uupime kwa mkono wako. Dukani wilayani vipo, tutakwenda wote wawili.